Tumbo la Bilhah

Kila asubuhi kabla ya shule, Chepchirchir alichuma chai. Alitoka nyumbani kulipoanza kupambazuka, akajifunga aproni ya plastiki iliyomfika hadi kwenye vifundo vya miguu, akaingia kati ya michai yenye umande. Zamani kazi hii ilikuwa ya mama yake, Bilhah, na Chepchirchir alimsaidia Jumamosi tu. Lakini tangu mwaka ulipoanza, Bilhah alikuwa akichuma kidogo, kisha anasimama, anashika ubavu wake wa kulia na kuhema. Kwa hiyo binti ndiye aliyechuma, akateka maji, akakamua ng'ombe, halafu akatembea hadi shuleni akiwa amechoka hata kabla ya somo la kwanza. Mwalimu wake alikuwa ameshazoea kumwona akisinzia juu ya dawati.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mama yake, na mama mzaa baba, ambaye Chepchirchir alimwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya. Baba yake alikuwa amefariki Chepchirchir akiwa bado mdogo.

Uchovu wa mwili angeuvumilia. Kilichomlemea zaidi ni maneno. Tumbo la Bilhah lilikuwa limeanza kutokeza. Alivaa sweta pana hata jua likiwaka, lakini wanawake waliokutana kwenye kituo cha kupimia chai walikuwa na macho. Lynn, binti ya Nganga mwenye bucha, ndiye aliyemwambia Chepchirchir, rafiki yake, yaliyokuwa yakisemwa: kwamba mjane yule alikuwa na mimba na hakutaka kumtaja mwenye mimba.

Chepchirchir alipofika nyumbani alimtazama mama yake aliyekuwa ameinama akichambua maharagwe, akaona jinsi sweta lilivyobana, akaamini. Tangu siku hiyo alimjibu kwa neno moja moja. Akitumwa, alikwenda kimya na kurudi kimya. Bilhah aliona. Hakumuuliza kitu, labda kwa sababu hakuwa na nguvu za kuuliza.

Jioni, kabla ya kurudi kwenye kazi za nyumbani, Chepchirchir na Lynn walipitia kwenye kichinjio cha Nganga nyuma ya soko. Huko walichinjwa kondoo na mbuzi. Mkaguzi wa nyama akipasua ini na kukuta limejaa vifuko vya maji, alilikataa na kuagiza lizikwe. Halikuzikwa. Lilitupwa nje ya ua, na mbwa wasio na wenyewe waliozurura sokoni walikuwa tayari wanangoja. Wasichana hao walipenda kuwarushia vipande na kuwapapasa migongo. Kwa Chepchirchir, huo ndio wakati pekee katika siku nzima ambapo hakuna mtu aliyemtuma. Baadhi ya mbwa walimfuata mpaka nyumbani, wakalala kwenye shamba la sukuma wiki na kuacha kinyesi chao humo.

Asubuhi moja ya likizo, Bilhah alisema atabeba chai mwenyewe mpaka kituoni. Kogo alimkataza, lakini hakusikia. Yeye na binti yake walipokuwa kwenye foleni ya mizani, Bilhah alianguka pamoja na kikapu, majani yakatawanyika kwenye matope. Wanawake walimzunguka. Mmoja wao, Monicah, alisema uchungu umeanza. Chepchirchir alisikia, akatamani ardhi immeze.

Nganga alikuwa akipita na pikapu yake. Alishuka bila maneno mengi, akasaidia kumwinua Bilhah, akampitia Kogo njiani, akawapeleka wote hospitali ya Kapkatet. Walipofika hakuondoka. Aliketi nao kwenye benchi.

Bilhah alipigwa picha ya tumbo. Baadaye daktari, mwanamume mpole aliyeitwa Obure, aliwaita ndani. Chepchirchir alisimama karibu na mlango. Alikuwa amechoka kungoja habari aliyodhani anaijua.

"Mtoto ni mzima?" aliuliza.

Bilhah aligeuza kichwa juu ya mto, akamtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Mtoto gani?" alisema kwa sauti ndogo.

Hapakuwa na mtoto. Daktari aliwaonyesha kwenye picha duara kubwa jeusi. Kilikuwa kifuko cha maji kilichoota kwenye ini la Bilhah, na pengine kilikuwa kimekua kwa miaka mingi bila yeye kujua. Aliwaeleza kwamba kuna tegu, mnyoo mdogo sana anayeishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mayai yake hayaonekani kwa macho. Hutoka na kinyesi cha mbwa, yakashika kwenye udongo, kwenye mboga, hata kwenye manyoya ya mbwa. Kondoo akiyameza pamoja na nyasi, vifuko huota kwenye ini au mapafu yake. Mbwa akila ini hilo likiwa bichi, tegu wengine hukua ndani yake, na mzunguko unaanza upya. Mtu naye akiyameza mayai hayo, kwa mboga isiyooshwa vizuri au kwa mikono michafu, kifuko huota ndani yake kama ndani ya kondoo.

"Na mbwa mwenyewe haonyeshi ugonjwa," alisema daktari. "Anacheza kama kawaida. Je, kwenu mbwa wanapata wapi maini mabichi?"

Kogo alisema hawafugi mbwa. Chepchirchir alimtazama Nganga. Mtu huyu ndiye aliyewaleta, na suruali yake ilikuwa bado na matope ya kituoni. Kunyamaza kungekuwa rahisi. Lakini alikuwa amenyamaza miezi mingi, na kunyamaza kwenyewe kulikuwa kumemchosha.

"Yanatupwa nyuma ya kichinjio," alisema. "Mimi na Lynn huwarushia. Halafu wanakuja kulala kwenye mboga zetu."

Nganga aliinamisha kichwa. Alisema ni kweli, mkaguzi alimwagiza azike. Kuchimba shimo ni kazi, na mbwa walimaliza kila kitu kabla ya jua kutua, akaona wanamsaidia. Kisha akauliza kama Lynn naye anaweza kupimwa. Daktari alimjibu kwamba watoto wote wawili wapimwe. Walipimwa, na hawakukutwa na kifuko.

Bilhah alipewa dawa za kumeza kwa majuma kadhaa, ndipo akafanyiwa upasuaji. Katika siku hizo Nganga alichimba shimo refu lenye mfuniko na kuziba ua wa kichinjio kwa mabati. Afisa wa mifugo, Bi. Nyakerario, alikuja kuwapa mbwa wa sokoni dawa ya minyoo, akasema atarudi kuwapa tena, kwa kuwa mara moja haitoshi. Chepchirchir na Kogo walizungushia mboga uzio wa fito. Kila jani liliondolewa udongo na kuoshwa kwa maji mengi safi kabla ya kupikwa, na mikono ilioshwa kwa sabuni kabla ya kula.

Chai iliendelea kuota, haikungoja mtu apone. Siku moja Chepchirchir alikuta mtu ameshaanza kuchuma katika shamba lao. Alikuwa Monicah, yule aliyesema uchungu umeanza. Alichuma mpaka kikapu kikajaa, na kesho yake akaja na mwenzake.

Bilhah alirudi nyumbani amekonda, akitembea kwa kujishika. Jioni hiyo Chepchirchir alimpelekea uji kitandani, akaketi karibu naye, akamwomba msamaha kwa kuamini maneno ya watu.

"Nimekusamehe," alisema Bilhah. "Lakini sikiliza, mwanangu. Wale mbwa hawana kosa, walikula tulichowatupia. Ukitupa uchafu nje ya ua wako usidhani umekwisha, huenda ukarudi mezani kwako. Na jambo la pili. Mimi niliumwa nikanyamaza kwa kuogopa maneno ya watu. Wewe ukaniona nimevimba, ukawasikiliza wao. Kama mmoja wetu angeuliza, tungekwenda hospitali mapema. Ukiwa na swali juu yangu, niulize mimi."

Chepchirchir aliitikia kwa kichwa. Alitazama mkono wa mama yake uliokuwa umelala juu ya bandeji.

"Mama, bado unaumwa?"

"Kidogo, hapa upande huu," alisema Bilhah, akamshika mkono na kumwonyesha.