Ulimtazama Baba Usoni

Siku ile gulio la Ikolo lilifurika watu, na Neli alikuwa hoi kabla hata hajauza chungu kimoja. Vyungu vya mama yake vilikuja kwa mtumbwi kutoka kwao Ukisi, kisha kutoka ufukweni vikapanda kichwani kwake, safari baada ya safari, mpaka shingo ikamkakamaa. Sasa alikuwa amekaa juu ya jani la mgomba, kaniki imejaa vumbi, akimtazama kijana mmoja mrefu mwenye kanzu ya merikani iliyofuliwa ikatakata. Kijana alikuwa akigonga chungu kimoja baada ya kingine kwa kidole, sikio kaliinamisha.

"Wewe kaka, unanunua au unabisha hodi?"

"Nasikiliza kama kina ufa."

"Ufa uko kichwani kwako. Vyungu vya mama havina ufa. Kijaze mpunga, mpunga uniachie, chungu uende nacho. Bei ndiyo hiyo."

Kijana akacheka, akachagua kidogo kuliko vyote. Neli akaguna. "Hicho cha nini? Unampikia sisimizi?"

"Najipikia mwenyewe. Nakwenda chuo cha walimu, kule misheni mlimani. Baba amekwisha panga kila kitu. Mwaka wa kwanza nisome na kuandika mpaka nisikwame. Wa pili hesabu. Wa tatu nianze kufundisha wadogo. Wa nne nipewe ualimu, nirudi Talatala nifungue shule."

"Na mwaka wa kuoa?"

"Huo baba hajaupanga."

"Mwambie asisahau," alisema Neli, na uchovu wote ukamtoka usoni kwa muda. Kijana aliitwa Tuntufye. Alikwenda zake na chungu, akarudi eti anauliza jina, akaenda, akarudi tena eti kasahau kusema ndaga, yaani asante. Watu wa gulioni si vipofu, waliona.

Ndivyo yalivyoanza, zama zile Mjerumani amekwisha jenga boma lake mlimani na watu wamekwisha zoea kulalamikia kodi yake. Kila likizo Tuntufye alishuka Ikolo kumwona. Chuo kikifunguliwa, alituma salamu kwa wapagazi waliokuwa wakishuka ziwani kupokea mizigo ya meli. Mpagazi alitua mzigo, akajifuta jasho, akasema kwa sauti gulio zima lisikie: "Neli wa vyungu! Mwalimu wako anasema hali wali ukashuka tumboni bila kukukumbuka!" Neli alijifanya kukasirika. Moyoni alikuwa anaruka.

Habari za baba yake kijana, Mzee Ezra, alizijua zote kwa kusikia. Kila chuo kilipofunguliwa, mzee alijitwika mpunga na mkungu wa ndizi, akaongozana na mwanawe kuupanda mlima ule. Huko alimkalisha chini, akamuuliza umesoma nini, umefika wapi, bado nini, kisha akateremka peke yake na magoti yanayouma. Baba wa namna hiyo ni wa kutunzwa. Lakini Neli hakuwahi kumtia machoni.

"Utanipeleka lini kwa baba?"

"Subiri kipenzi, nimalize mwaka huu."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

"Ninaogopa, Neli. Atasema mapenzi yataniharibia masomo. Yule mzee amejichosha kwa ajili yangu."

"Na mimi? Mimi napumzika?"

Tuntufye akamshika mkono wenye udongo uliokauka, akaubusu. Ni kijana mwema, lakini mwoga, tuseme ukweli.

Mwaka wa tatu, siku moja ya gulio, mzee mwembamba mwenye koti kuukuu na kovu shavuni alikuja akasimama mbele ya vyungu. Hakuuliza bei. Alisimama tu, kama mtu anayengoja jambo. Neli akamwonea huruma.

"Mugonile, tata!" alimsalimu kama baba yake. "Karibu ukae. Mbona unavitazama vyungu vyangu kana kwamba unavihukumu?"

Akamshika mkono, akamketisha kivulini, akamtazama usoni na kumchekea. Mzee akawa kama kamwagiwa maji.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini, "umeposwa?"

"Nani anipose na udongo huu mikononi? Labda wewe, babu, kama bibi nyumbani hana neno!"

Wauzaji wenzake waliangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliinuka kwa shida, akashika njia ya kwenda Talatala.

Ole wake Neli! Kwa Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mumewe. Akimwona njiani huingia majanini, hugeuza mgongo na kujifunika nguo, na hazungumzi naye kamwe. Hata binti aliyeahidiwa tu, tangu siku aliyokubali, huanza kumkimbia. Wamisionari walishasema desturi hiyo iachwe. Watu waliitikia amina, na kesho yake wakaendelea kukimbiana. Neli aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Asichojua ni mzee yule ni nani.

Salamu zikakoma. Wapagazi walishuka, wakatua mizigo, wakamwangalia kwa huruma, wakanyamaza. Likizo ikafika, Tuntufye hakuonekana Ikolo. Mama yake Neli, Felista, akamwambia achana naye, wasomi ndivyo walivyo. Neli aliendelea kufinyanga na kubeba, usingizi mbovu, chakula hakipiti. Mwisho akachoka hata na kuchoka kwenyewe. Akajifunga kaniki safi, akaenda Talatala kwa miguu.

Alimkuta Tuntufye nyuma ya nyumba ya baba yake akikata magugu migombani. Kanzu kaivua, mgongo unang'aa kwa jasho. Kumwona tu, moyo ukamlegea, akajilaani kwa kulegea huko.

"Mwalimu, umekufa au umehama?"

Tuntufye hakuinua uso. "Ulimtazama baba usoni."

"Baba gani?"

"Baba yangu! Alizisikia habari zako kwa wapagazi, akaja Ikolo kukuona. Ukamshika mkono, Neli. Ukamwambia akuoe yeye! Alirudi hapa hakula siku nzima. Akasema, msichana huyu hakutaki, mwanangu, angekutaka angenikimbia. Rudi kwenye vitabu."

Neli akakaa chini palepale kwenye magugu. "Mungu wangu. Yule babu?" Aibu ilimchoma mpaka masikioni, na baada ya aibu ikaja hasira. "Na mimi ningemjuaje? Ulinionyesha lini? Umenificha miaka yote hii, leo unanihukumu kwa kutomjua mtu uliyenificha mwenyewe!"

Tuntufye akalichomeka panga ardhini. "Aliniuliza kama unamjua. Nikaona haya kusema sijakuleta. Nikamwambia unamjua vizuri, nimekuelezea mpaka kovu lake la shavuni."

"Ukamdanganya baba yako?"

"Nilimdanganya."

"Kisha ukakaa kimya nikauke? Mwanamume mzima!"

Kabla hajajibu, kikohozi kilisikika pembeni ya nyumba. Mzee Ezra alikuwa anakuja. Sasa Neli alimjua. Akigeuka amtazame na kujitetea, basi ndiyo amekataa kuwa mkwe, na safari hii kwa kujua. Akikimbia, jina lake litabaki chafu. Alikaa pale pale, akampa mzee mgongo, akajifunika kaniki kichwa kizima.

"Tuntufye," alisema kutoka ndani ya nguo, "mwambie mzee siku ile sikumjua. Ningemjua ningeviacha vyungu nikatumbukia mtoni."

Tuntufye akamgeukia mzee. "Baba, anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Mzee naye alikuwa amegeukia ukuta. "Muulize ulimwelezea habari zangu au hukumwelezea?"

"Mwambie sikuelezwa hata kovu," alisema Neli.

"Baba, nilikudanganya. Nisamehe."

Mzee aliegemea ukuta, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli kweli. "Mimi ninaupanda mlima ule ili huyu awe mwalimu, anakuwa mwongo! Mwambie binti wa watu anisamehe. Mwambie namtaka awe mkwe wangu. Lakini chuo kwanza. Asubiri mwaka mmoja na nusu tu."

Ndani ya kaniki Neli alifikiria vyungu, mtumbwi, shingo yake, macho ya wapagazi.

"Mwambie sisubiri tena," alisema. Tuntufye akashtuka. "Kusubiri nikiwa mchumba kumenichosha. Nitasubiri nikiwa mke. Huko chuoni wapo wanafunzi wenye wake, ulinisimulia mwenyewe. Nitakaa katika nyumba yako kule kwenye kijiji mlichojijengea ninyi vijana wa rika moja, nitalima mpunga wako. Na mwambie mzee apumzishe magoti. Chakula chako nitakipandisha mimi."

"Neli, mlima ule..."

"Nimekuuliza habari za mlima? Mwambie!"

Mzee Ezra alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, uso bado ukutani. "Mwambie," alisema, "nitakwenda Ukisi kwa wazazi wake kabla ya mvua."

Baada ya mavuno walifungishwa ndoa. Chuo kilipofunguliwa Tuntufye alitangulia, na chakula kilipokaribia kumwishia, Neli akajitwika mpunga na ndizi. Udongo wa njia uliteleza, ukungu ukamlowesha, na mara mbili alikaa kando ya njia akalia kwa uchovu tu, bila sababu nyingine. Alipofika chuoni miguu ilikuwa inamtetemeka. Tuntufye akatoka mbio, chaki mikononi, wenzake wakichungulia madirishani.

"Pole, mke wangu! Pole sana, moyo wangu. Kaa nikuletee maji."

Neli akatua mzigo, akakaa kwenye majani, akanyoosha miguu yake iliyochubuka.

"Maji utaleta baadaye. Kaa hapa. Umesoma nini?"

Tuntufye akacheka akidhani ni utani. Neli hakucheka.

"Baba yako alikuuliza kila safari. Sasa nakuuliza mimi. Umesoma nini, umefika wapi, bado nini?"

Akakaa chini karibu naye, akafuta chaki kwenye kanzu, akaanza kumweleza tangu somo la kwanza.