Karavani Mbele ya Dirisha la Clifford

Asubuhi ile Beryl Outram alipovuta pazia la chumba cha mbele, mwanga haukuingia. Alidhani hakulivuta sawasawa, akalivuta tena. Ndipo akauona ubavu wa karavani, mweupe uliokwisha kuwa wa manjano, umesimama hatua tano kutoka kwenye kioo chake, umeuziba mtaa wote usionekane.

"Hebu ona," alimwambia mumewe. "Watu wengine hawana haya."

Clifford alikuwa kwenye kitanda cha hospitali kilichowekwa chumbani humo tangu kiharusi kimwangushe, miaka miwili nyuma. Kiharusi kilimwachia mkono wa kushoto, dirisha, na maneno tisa. Beryl aliyajua yote kwa hesabu, maana ndiyo yaliyobaki ya mwanamume aliyekuwa akisimulia mechi ya mpira kwa muda mrefu kuliko mechi yenyewe. Ndiyo, hapana, chai, mvua, mbwa, mtoto, posta, jamani. La tisa lilikuwa jina lake yeye, Beryl. Kutwa nzima Clifford alitazama mtaa akaupangia maneno yake: mbwa akipita, mbwa, watoto wakienda shule, mtoto. Alikuwa mtu mwenye kazi.

Sasa aliitazama karavani. "Hapana," alisema.

Hakukuwa na gari la kukikokota kijumba hicho cha magurudumu, na hakuna aliyesikia kikiletwa. Bwana Keith Sowter wa upande wa pili wa barabara, ambaye hata paka akibadilisha njia yeye huona, alivuka akiwa na koti juu ya pijama.

"Nimekwishapiga simu halmashauri," alinong'ona, kana kwamba karavani ina masikio. "Wanasema barabara ni ya umma. Haijavunja sheria."

"Yumo mtu?"

"Pazia lake lilisogea. Kidogo tu. Nenda ukamgongee, Beryl, wewe una mgonjwa."

"Nenda wewe, Keith, una sauti."

Hakwenda yeyote. Katika Mtaa wa Hawthorn, mjini Ilkeston, Uingereza, mtu hamgongei asiyemjua akamwambia jambo baya usoni. Huandika. Na Beryl hakuwa na nguvu za zaidi ya kuandika. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ilibidi amgeuze Clifford asipate vidonda, na kwa miaka miwili hakuwahi kulala saa mbili zikatimia. Uchovu ulikuwa umemwingia kwenye mifupa. Siku nyingine alisimama mbele ya kabati akiwa na kijiko mkononi na asijue alitaka kukoroga nini.

Akaandika hivi: "Jirani mpendwa, samahani sana kukusumbua. Mume wangu ni mgonjwa, na dirisha hili ndiyo starehe yake. Kama haitakuwa taabu, tafadhali isogeze karavani yako kidogo. Asante sana. Karibu chai wakati wowote. Beryl, namba kumi na tisa."

Hilo la chai ni chumvi tu ya barua. Pale Ilkeston ukiambiwa karibu chai wakati wowote unashukuru, unabaki kwako, na urafiki unadumu.

Alichutama akapenyeza karatasi chini ya mlango wa karavani. Haikunyakuliwa. Ilivutwa taratibu kutoka vidoleni mwake, na mtu aliyekuwa ameketi akiingoja.

Saa kumi jioni, giza la Januari likishuka, mlango uligongwa mara tatu.

Mgeni alikuwa amevaa koti la mvua la kijivu lililolowa, ingawa siku ile haikunyesha. Baadaye Beryl hakuweza kusema alikuwa mwanamume au mwanamke, wala uso wake ulikuwaje. Alikumbuka harufu tu: gesi kidogo, na magodoro yaliyofungiwa majira mazima ya baridi.

"Uliandika wakati wowote," mgeni alisema.

Na mtu aliyelelewa na mama wa kanisani angejibu nini? "Ah, karibu, karibu. Wala hujanisumbua."

Mgeni akafuta miguu kwenye kikanyagio, akaifuta kwa muda mrefu, kwa sauti ya kitu kigumu kikikwaruza. Kwetu sisi Waswahili tungetazama miguu kwanza, tujue kama ni ya mtu. Kule Ilkeston, kumtazama mgeni miguu ni utovu wa adabu, na Beryl alitazama saa ya ukutani.

Alimpa kikombe cha maua ya buluu, kile cha harusi, ambacho hutoka kabatini kwa wageni tu. Mgeni aliketi kwenye kiti karibu na kichwa cha Clifford. Beryl aliketi kwenye kochi kwa dakika moja, kwa heshima. Alipofumbua macho ilikuwa saa kumi na moja na robo. Kiti kilikuwa kitupu na kimelowa, kikombe kikavu kama hakijawahi kutiwa kitu. Na Beryl alikuwa amelala fofofo, usingizi wa mtoto, mwili mzima umelegea kwa raha ambayo alikuwa ameisahau.

"Cliff, nimekuacha bila chai yako," alisema. "Utakunywa?"

Clifford alifungua kinywa. Midomo yake ilitafuta huku na huku, kisha machozi yakamtoka. Neno chai halikuwamo tena.

Kesho yake saa kumi mlango uligongwa. Na kesho yake tena.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanasema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Beryl alipona. Mashavu yake yalipata rangi, akakumbuka siku za wiki. Na hapa sina budi kusema kweli, ingawa nampenda Beryl: siku ya tatu alikuwa amekwisha kujua. Neno mvua lilikuwa limeondoka, na mbwa pia. Mbwa wa jirani alipita Clifford akamnyooshea kidole, akabaki na kidole hewani. Beryl aliona. Hata hivyo saa kumi ilipokaribia mikono yake yenyewe ilishusha vikombe vitatu, kwa sababu mgeni akiketi usingizi unakuja, na kwa saa moja yupo mwingine wa kumlinda Clifford. Alijichukia kwa jambo hilo, na alilala.

Siku ya nane, baada ya mgeni kuondoka, alitoka kusukuma pipa la taka hadi ukingo wa barabara. Taa za mtaa zilikuwa zimewaka, na ndani ya karavani hakukuwa na taa, lakini alipokuwa akipita usawa wa dirisha lake alisikia mtu akizungumza mle gizani, akasimama mkono juu ya pipa, kwa sababu ile sauti ilikuwa ya Clifford, si ya Clifford wa kitandani bali ya yule wa zamani, nene, yenye kicheko chini yake, ikisema chai, ikisema mvua, ikisema posta, mtoto, jamani, ikiyarudia polepole kama mtu anayejaribu viatu vipya dukani, hatua mbili kwenda na hatua mbili kurudi, mpaka ikafika mahali ikakwama, ikavuta pumzi, ikaanza upya: "Be... Be... Be..."

Beryl aliliacha pipa pale pale.

Asubuhi alikuja muuguzi wa mtaa, Attracta Gallen, mwanamke wa Ireland mwenye miguu mizito na mikono miepesi, ambaye kila wiki alimkagua Clifford ngozi. Safari hii alisimama mlangoni akakitazama kikanyagio. Nyuzi zake zilikuwa zimekatika kwa mistari, mbilimbili.

"Nani anafutia miguu hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Beryl alimweleza yote, hata ya usingizi. Alilia alipofika kwenye usingizi.

"Wewe ulimwita kwa mkono wako?"

"Niliandika tu, Attracta. Ni maneno tu. Kila mtu anaandika hivyo."

"Ninyi Waingereza," Attracta alisema, akaketi kitandani miguuni pa Clifford. "Kwetu Sligo bibi yangu hakumkaribisha hata padri kabla hajamwona miguu. Clifford amebaki na maneno mangapi?"

"Moja. Jina langu. Jana lilibaki hilo tu."

"Basi leo atakuja kulichukua. Likitoka hilo hakuna kitakachomshikilia mumeo hapa. Sikiliza, mpenzi. Mimi siwezi kumtoa, aliyemkaribisha ndiye wa kumfukuza. Utamwambia aondoke. Bila samahani. Bila tafadhali. Bila asante. Ukitia hata moja, umemwachia mlango wazi."

"Sijawahi kumwambia mtu hivyo maishani mwangu."

"Hata yule Sowter?"

"Hata Sowter."

Attracta alimshika mkono.

Saa kumi mlango uligongwa mara tatu. Beryl alikuwa amesimama tangu saa tisa, hakuwasha jiko, hakushusha kikombe. Alifungua. Mgeni alipita ubavuni mwake na baridi yake yote, akaenda moja kwa moja kwenye kiti, akauinamia uso wa Clifford kama anayetaka kusikia siri. Na papo hapo usingizi ukamjia Beryl, mtamu, mzito, ukimpanda kutoka magotini, ukimwambia saa moja tu, Beryl, saa moja, kesho utamfukuza, nani atakulaumu, na macho yake yalikuwa yanafumba na mkono wake unalitafuta kochi alipomwona Clifford akimtazama kwa juu ya bega lile la kijivu, midomo imekazwa, imebanwa, kama mtoto anayekataa dawa, akilificha lile neno lake moja nyuma ya meno.

"Toka," Beryl alisema.

Mgeni hakugeuka.

"Toka nyumbani kwangu. Sikutaki. Toka."

Saa ya ukutani iliendelea. Mgeni aliinuka, akiacha maji kwenye kiti, akatembea hadi mlangoni, na Beryl akamfuata nyuma, akaushika mlango ili aufunge. Kwenye kizingiti mgeni alisimama.

"Asante kwa chai," alisema kwa sauti ya Clifford.

"Karibu tena," Beryl alijibu. "Wakati wowote."

Ilimtoka kabla hajajua. Miaka sitini na minane ya adabu ilimtoka yenyewe. Ama ndivyo alivyojiambia. Mgeni aliinamisha kichwa, akashuka ngazi.

Asubuhi karavani haikuwapo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, lakini mahali iliposimama lami ilikuwa kavu. Sowter alivuka barabara kuja kusema kwamba simu yake ya pili kwa halmashauri ndiyo iliyofanya kazi, na Beryl akamwacha aamini.

"Ulisema neno jingine lolote?" Attracta alimuuliza.

"Hapana," Beryl alisema.

Maneno manane hayakurudi. Clifford alibaki na dirisha lake, na akautazama mtaa kwa neno moja alilolinda. Mbwa alipita, akasema Beryl. Watoto walipita, akasema Beryl. Tarishi alipita na mvua ikanyesha, na yote yakawa Beryl, Beryl, kwa furaha, na yeye jikoni kila mara akaitika, maana hakuweza kujua ni lini ameitwa kweli. Usiku alimgeuza kila baada ya saa mbili. Attracta aliomba wapatiwe msaidizi, wakaambiwa wamewekwa kwenye foleni. Wiki ya kwanza Beryl alivumilia. Ya pili alisimama tena mbele ya kabati na kijiko mkononi. Ya tatu alisinzia akimlisha Clifford, uji ukamchoma shingoni, naye hakulia, alimtazama tu mkewe akasema jina lake polepole, kwa huruma.

Alhamisi moja, saa kumi jioni, Beryl aliweka birika motoni. Aliposhusha macho mezani aliona vikombe vitatu. Hakukumbuka kuvishusha. Kile cha tatu kilikuwa cha maua ya buluu, nacho kilikuwa kimekwisha kupanguswa vumbi.

Alikishika ili akirudishe kabatini. Kabati lilikuwa hatua mbili tu.

Chumba cha mbele kiliingia giza ghafla, kana kwamba mtu amevuta pazia kutoka nje.

"Beryl," Clifford aliita. Kisha kwa nguvu zaidi, "Beryl. Beryl."

"Nakuja, mpenzi," alisema. Akakiweka kikombe kwenye kisahani chake, akamimina chai katika vyote vitatu.