Nimekabidhi, Nimepokea

Stetoskopu mpya hainuki udongo. Inanuka plastiki, na ikishazungushwa wodini inaanza kunuka jasho la mwenye nayo. Ile aliyopewa mwanafunzi wetu wa udaktari asubuhi ya kwanza ya mafunzo ya magonjwa ya watoto ilinuka udongo uliotoka kulowa, na mvua watu walikuwa wameshaisahau. Hakujali. Aliyempa ni dada yake, muuguzi wa wodi hiyohiyo, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsuka nywele, akampeleka shule, akamfuta kamasi. Mtu wa namna hiyo akikupa kitu, huanzi kukinusa.

Dada aliishika kwa mikono miwili. "Nimekabidhi," akasema.

Mwanafunzi akacheka. Ndivyo wauguzi wanavyoachiana wagonjwa zamu zinapobadilika: anayetoka husema nimekabidhi, anayeingia hujibu nimepokea, na tangu hapo lolote likitokea ni juu ya aliyepokea. Akaona ni utani wa kumkaribisha kazini.

"Nimepokea, dada."

Dada akashusha pumzi ndefu, akaenda zake bila kugeuka.

Wanafunzi walimpachika mwalimu wao jina la Bwana Kwanini. Ukimwambia mtoto ana homa, atakuuliza kwa nini. Ukisema malaria, atakuuliza umejuaje. Ukisema damu imepimwa, atataka kujua utampa dawa gani, na kwa nini hiyo. Siku hiyo aliwapeleka kwa mtoto mchanga mwenye kikohozi, akamwita mwanafunzi wetu ampime. Alitakiwa amfunue kifua, ahesabu pumzi kwa dakika nzima, aangalie kama mbavu zinabonyea. Kabla hajaanza kuhesabu, sauti ya mwanamke mwenye koo kavu ikamwambia masikioni: nimonia.

Pumzi zilikuwa za kawaida na mbavu hazikubonyea, lakini neno lilishamtoka mdomoni. Wenzake wakakonyezana. Bwana Kwanini akauliza kwa nini. Alasiri mtoto yule aliwekewa oksijeni.

Basi akapata jina. Mtoto ana mafua tu, yeye anasema surua, na kesho yake vipele vinachomoza nyuma ya masikio na kushuka usoni. Mtoto anacheza, yeye anasema kuharisha, na kabla ya jioni macho yamezama na ngozi ya tumbo ikifinywa inachelewa kurudi. Wenzake wakamwita Masikio. Vitabu akavifunga, na kichwa kikamvimba kidogo, tusimfichie. Aliyekataa kumshangilia ni Bwana Kwanini peke yake. Alimvuta kando akamwambia kwa sauti ya chini, "Watoto hawa nawapima mwenyewe kabla yako. Hawana dalili za magonjwa unayoyataja. Wanaugua ukishawagusa. Kwa nini?"

Swali hilo likalala naye na kuamka naye. Kisha akaletwa mtoto wa chanjo, buheri wa afya, anayemchekea kila mtu, na stetoskopu ilipogusa kifua chake sauti ikasema homa ya uti wa mgongo, safari hii taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Mwanafunzi akafumba mdomo kwa kudhani kwamba asipolitamka halitakuwa, lakini jua halijazama shingo ya mtoto ilikuwa imekakamaa, na mama yake alikuwa amekaa sakafuni akiuliza kila apitaye mwanawe amekosa nini. Hapo ndipo alipoelewa kwamba sauti ile haikugundua magonjwa. Iliyagawa.

Akaitupa stetoskopu kwenye tanuri la taka za hospitali na kusubiri mpaka moshi ukaisha. Aliporudi nyumbani aliikuta inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, juu ya mkoba wa shule wa binti yake. Binti huyo walimwita Kasuku, maana hakuna neno lililompita bila kulirudia, la redioni, la jirani, hata matusi ya dukani. Na pale msumarini, bila kuvaliwa na mtu, mirija ikasema: degedege.

Darasani walifundishwa kwamba degedege si jini. Ni homa kali, ni malaria iliyopanda kichwani, ni sukari iliyoshuka, na ina tiba. Aliyaamini hayo, na bado aliyaamini huku akiharakisha barabarani kwenda kwa mganga, ambaye hata kuiona stetoskopu hakutaka. Alimwambia jini aliyekabidhiwa kwa mkono na kauli hurudi kwa mkono na kauli, kisha akamuuliza ni adui yake gani aliyempa.

Alimkuta dada yake kwenye chumba cha mashuka, anakunja.

"Ilishamtaja mwanangu," dada alisema kabla hajaulizwa, karibu kwa kunong'ona. "Nikakabidhi."

"Na mimi nina mtoto, dada."

"Najua."

Neno hilo moja lilimuuma kuliko yote. Afadhali angesema hakufikiri.

Lakini dada alilia, akaomba msamaha, akaahidi kuichukua, na mchana wa siku iliyofuata akaja kweli. Walisimama sebuleni, mmoja akasema nimekabidhi, mwingine nimepokea, na harufu ya udongo ikakatika papo hapo. Mwanafunzi akaingia jikoni kuchemsha chai, akalia mbele ya sufuria kwa furaha, akawaza kwamba damu ni damu, na kwamba atamsamehe, labda ameshamsamehe.

Aliporudi na vikombe, dada hakuwepo na mlango ulikuwa wazi. Kasuku alikuwa amekaa kwenye mkeka, mirija masikioni, kile kiduara cha baridi amekibandika kifuani pake mwenyewe, na chumba kizima kinanuka udongo uliotoka kulowa.

"Mama mkubwa kasema nimekabidhi," Kasuku alisema kwa fahari. "Mimi nikasema nimepokea."

Akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Mama, inasema degedege."

Vikombe vikaanguka. Mama akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili na kumwambia mwanangu nipe, sema nimekabidhi, sema tu kama alivyosema mama mkubwa, na macho ya mtoto yakapinduka, vidole vikaanza kurukaruka, na mama akamlaza kwa ubavu kama alivyofundishwa, asimtie kitu mdomoni, akalegeza kola, huku akiita majirani walete gari, huku akimsihi sikioni neno lile moja, sema nimekabidhi, mama yuko hapa, mama anapokea, mama ameshapokea. Na Kasuku, aliyerudia kila neno la dunia hii, alikuwa ameuma meno.