Kijito Chini ya Ua wa Dobi

Mtaa ulikuwa umefurika watu asubuhi ile dobi alipotoka uani na shuka jeupe lililogeuka kijani kibichi, sauti ikisikika hadi kituo cha mabasi.

"Nani katia rangi kisima changu?"

"Mimi, kaka. Nisamehe."

Alikuwa injinia, kofia ya njano kichwani, buti zimejaa tope, na tabasamu la kumsahaulisha mtu ugomvi wake. Rangi aliimwaga kule juu kwenye mtaro, apate kujua kinapopita kijito kilichofukiwa kwa zege miaka mingi. Kumbe kinapita hapahapa! Kitafukuliwa, alisema, samaki na ndege warudi, na kandokando iwe bustani ya watu wote.

"Na mashuka yangu?"

"Lete sabuni, tufue."

Walifua hadi adhuhuri, na dobi akapenda haswa. Tangu hapo simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula tope tu, dobi wangu."

Wiki ya tatu ikaja barua: ua umo ndani ya bustani, utavunjwa. Ua uliomlea! Dobi akapiga simu.

"Ulijua?"

"Nilijua," injinia akajibu taratibu.

"Kumbe ulikuwa unanipenda huku unanipimia ua!"

Akakata. Injinia alipiga tena na tena. Dobi akajitia hasikii, na moyo ukamuuma vibaya.

Mama yake ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mwanangu, usimwonee mtoto wa watu. Ua ni wangu, na nilikubali mwenyewe, tena kwa furaha. Mgongo umechoka kuinama. Tumepewa chumba ng'ambo ya barabara, kina mashine za kufulia. Nilimwapisha asikwambie mpaka nikwambie mimi, halafu nikaogopa."

Dobi alitoka mbio na kandambili zake. Alimkuta injinia kwenye shimo, winchi ikinyanyua bamba la kwanza la zege, na chini yake maji yanakwenda, meupe, yana haraka zao.

"Kwa nini hukujitetea?"

"Nilimwapia mama."

"Mama wa nani?"

"Mama yetu," alisema, kisha akaona haya.

"Kwa hiyo mmeshamaliza kila kitu, nyinyi wawili?"

"Kila kitu. Umebaki wewe tu kuulizwa."

"Niulize basi, nakufa!"

Injinia akavua kofia. "Uta..."

"Nitakuoa!" dobi akamkatiza, hata mwendesha winchi akaacha zege likining'inia ili apige makofi.