Valvu Inayokunywa Mawimbi

Redio ilikuwa kiziwi.

Gudrun Thorsager, miaka kumi na minane katika ujasusi wa Denmark, alivua visikizio akakanda shingo. Bastola yake ya Walther ilimchoma mbavuni. Gari lao la Opel, lenye tangazo la mikate ubavuni, lilijificha katika ukungu wa asubuhi bandarini Esbjerg.

Baharini, mwenzake Aksel Rovsing alikuwa kwenye chombo cha walanguzi wa silaha, akijifanya mpishi. Jana alituma neno moja: wamenishuku. Leo wangemhamishia boti nyingine, ile isiyorudisha watu. Mahali pa kukutania walanguzi wangeambiana kwa redio.

"Antena nzima, umeme upo," fundi Mogens alinung'unika. "Labda wamenyamaza."

"Wanaongea. Sisi ndio hatusikii. Umeweka valvu gani?"

"Ile ile ya redio za sebuleni."

Gudrun alifumba macho. Kwenye masafa ya chini, gridi, mlango wa ishara ndani ya kioo cha valvu, haili kitu. Ukinzani wake wa kuingilia ni mkubwa mno. Masafa yakipanda mara mbili, ukinzani hushuka hadi robo. Kwenye masafa ya juu waliyosikiliza, valvu iliinywa ishara kabla ya kuikuza.

Walanguzi walilijua hilo. Ndiyo maana waliongea wazi, bila mafumbo.

Mogens alisema valvu ndogo, zinazofaa masafa hayo, zitafika Jumatatu.

"Aksel hana Jumatatu. Ng'oa waya wa gridi kileleni mwa koili. Uchomelee katikati."

"Bosi, si tutapata nusu tu ya ishara?"

"Afadhali nusu ya kitu kuliko hewa nzima. Katikati, valvu itailemea koili robo tu ya sasa. Choma."

Risasi ya kuchomelea ikayeyuka. Moshi. Mogens akazungusha kondensa, akayatafuta masafa upya.

Mkwaruzo.

Kisha sauti ya mwanamume, akicheka: mpishi atakabidhiwa kwenye boya jekundu, kaskazini mwa kisiwa cha Fanø.

Gudrun alibonyeza kipaza sauti cha redio ya pili, ile ya doria ya majini.

"Boya jekundu, kaskazini mwa Fanø. Mpishi ni wetu."

"Nani kakwambia?"

"Wenyewe. Nendeni."

Wakangoja. Kahawa ya chupa ilishapoa. Aliinywa hivyo hivyo.

"Tumewakamata," doria ikasema hatimaye. "Bunduki zipo. Mpishi mzima. Anadai supu yake waliisifu."

"Mwongo. Hajui hata kuchemsha viazi."

Gudrun akatia mikono mifukoni, akashuka garini.

Mogens akauliza kama hatamsubiri Aksel gatini.

"Mwambie nimekwenda kulala."

Akainua kola, akatembea taratibu kuelekea kituo cha treni.