Kidole cha Alain

"Ngapi leo?"

Katika nyumba ya kina Kethia, swali hilo lilitangulia hata salamu ya asubuhi. Mama Véronique huuliza kutoka jikoni, mkono mmoja ukigeuza mayai kwenye kikaango, mwingine ukitafuta funguo za gari. Kethia, msichana wa miaka kumi na miwili, hujibu kutoka bafuni, ambako hujichoma kidole na kuweka tone la damu kwenye mashine ndogo ya kupimia sukari.

Kethia alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule unaowapata watoto. Haukutokana na kula peremende, ingawa shuleni walimtania hivyo mpaka akachoka kueleza. Mwili wake uliacha tu kutengeneza insulini, dawa ambayo miili ya wengine hujitengenezea yenyewe, kwa hiyo ilimbidi ajidunge kila siku. Familia yao ilitoka Bukavu, na sasa iliishi Lewisville, karibu na jiji la Dallas. Baba yake, Matumaini, alifanya kazi katika ghala karibu na uwanja wa ndege, na alitoka nyumbani kabla watoto hawajaamka.

Hospitali moja ya watoto mjini Dallas, ikishirikiana na nyingine ya Houston, ilikuwa ikifanya utafiti. Madaktari walitaka kujua hivi: je, wakiona vipimo vya mtoto kila siku na kurekebisha dozi yake kwa simu, atakuwa na afya bora kuliko kusubiri miadi ya kliniki? Kupitia simu ya Kethia, mashine yake ilituma kila namba hospitalini na kwenye simu ya mama yake. Vifaa vya kubandika mkononi, vinavyopima sukari bila kuchoma kidole, vilimtoa vipele, ndiyo maana alipangwa katika kundi la watoto wa kuchoma kidole. Nesi wa utafiti, Mkenya aliyeitwa Moraa, alikuwa amemuuliza Kethia mwenyewe, si wazazi tu, kama anakubali kuingia. Kethia alikubali kwa moyo mmoja.

Mambo yalianza vizuri. Namba zilitulia, na Mama Véronique akafurahi kupita kiasi. Jumapili moja alisimama kanisani kutoa ushuhuda, kama wafanyavyo waumini wa kwao wanapopata jambo la kumshukuru Mungu.

"Bwana asifiwe!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Sukari ya mwanangu imetulia!"

"Amina!" kanisa zima likaitika, na vigelegele vikapigwa.

Sasa, mama alisema imetulia. Watu wakasikia amepona. Ndivyo masikio ya furaha yalivyo. Baada ya ibada Mama Clothilde, kiongozi wa kina mama, alimkumbatia Kethia na kumtilia glasi ya soda mpaka pomoni. "Kunywa, mwanangu. Shetani ameaibika!" Kethia alitaka kueleza, lakini utamkatalia vipi mama mzima kama yule, mbele ya watu, tena anakutazama akitabasamu? Akanywa. Akaongezewa, akanywa tena.

Asubuhi iliyofuata mashine iliandika 340. Mtoto asiye na ugonjwa huu hucheza karibu na tisini. Bahati nzuri, au tuseme bahati mbaya, alikuwa amesahau kuiwasha simu yake, na namba ile haikutumwa. Aliifuta.

"Kethia, ngapi leo?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Kethia aliwaza vigelegele vya jana. Akamwaza mama yake mbele ya kanisa zima, akiambiwa ushuhuda wake ulikuwa wa uongo. Akafungua mlango wa bafu na kumvuta ndani mdogo wake, Alain, aliyekuwa akipita na mswaki mdomoni.

"Lete kidole."

"For what?" Alain alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Nyamaza. Leo tableti yangu ni yako hadi jioni."

Alain alikunja uso, akatoa kidole, akachomwa. Mashine ikaandika 91.

"Tisini na moja, Mama!"

"Asante Yesu!" Mama Véronique alisema, na mayai yakaendelea kukaangwa.

Kethia alijiambia ni siku hiyo moja tu, hadi soda ya Mama Clothilde iishe mwilini. Lo, ugonjwa wa sukari haufanyi kazi hivyo! Kesho yake namba ilikuwa juu bado, na kesho kutwa pia. Mtoto anapokua mwili hubadilika, na dozi iliyotosha jana leo haitoshi. Hilo ndilo hasa jambo ambalo madaktari walihitaji kuliona. Lakini walichokiona wao ni damu ya Alain, mtoto mzima wa afya, asubuhi na jioni.

Siku moja nesi Moraa alipiga simu. Mama aliweka sauti ya juu ili Kethia naye asikie.

"Mama Kethia, habari za huko? Namba zenu ni nzuri sana, yaani nzuri hadi zinatutia wasiwasi. Tukimwacha na dozi hii, sukari inaweza kushuka mno azimie. Daktari anasema tupunguze insulini. Kethia, unasikia vizuri mwilini?"

Hapo ndipo angesema. Mama alikuwa akimtazama huku anatabasamu.

"Poa tu, Sista," Kethia alijibu.

Insulini ikapunguzwa, mtoto wa watu akiwa na haja ya kuongezewa.

Baada ya hapo kiu ilimshika, kiu isiyokatika. Darasani aliomba ruhusa ya kwenda msalani mara kwa mara hadi mwalimu akaacha kuuliza. Suruali zilianza kumlegea kiunoni. Mama aliposema, "Mbona unakonda hivi?" alisingizia joto, na kweli joto la Septemba la Texas halina adabu. Alain ndiye aliyeanza kuogopa. Alimwita yaya, kama watoto wa Bukavu wanavyowaita dada zao wakubwa.

"Yaya, mimi sitaki tena. Wewe unaumwa."

"Nitapona. Mara ya mwisho," Kethia alisema, akamchoma.

Jumamosi, baada ya kumchoma Alain, alirudi kitandani na hakuweza kuinuka tena. Alitapika, akatapika tena. Alipumua haraka haraka, kwa nguvu, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva mno. Mama Véronique aliingia mbio, akatazama simu yake. Kipimo cha asubuhi: 86.

"Yesu wangu, sukari inashuka!" alipiga kelele. Kwa nini asidhani hivyo? Mtoto amelegea, hajala, amepunguziwa dozi kwa sababu ya namba za chini. Alikimbilia jikoni akarudi na glasi kubwa ya juisi ya machungwa. Akaketi kitandani, akamwinua Kethia na kumwekea glasi mdomoni.

"Kunywa, mwanangu. Kunywa upesi, usiniache hapa."

Kethia alikuwa na kiu ya kunywa mto mzima. Juisi iligusa midomo yake, tamu, baridi. Lakini alijua sukari ilikuwa juu kiasi gani, na alijua juisi ile ingemfanya nini. Alijua pia kwamba akifumbua mdomo kusema, ushuhuda wa mama umekwisha. Alimwona mama yake akilia. Akaisukuma glasi, juisi ikamwagikia shuka.

"Mama... si damu yangu."

"Unasema nini?"

"Hiyo namba. Ni damu ya Alain."

Mama Véronique alimtazama macho yamemtoka pima. Hakugomba. Alichukua mashine, akamchoma Kethia kidole mwenyewe. Mashine haikuandika namba. Iliandika kwamba sukari imezidi uwezo wake wa kupima. Akapiga namba ya dharura. Gari la wagonjwa lilifika huku Alain akiwa amejibanza nyuma ya mlango, analia kwamba amemuua dada yake.

Hospitalini walimtundikia dripu na kumpa insulini kidogo kidogo kwa mshipa. Damu yake ilikuwa imejaa tindikali. Daktari alimwambia mama waziwazi kwamba wangechelewa kidogo, au juisi ile ingenywewa, mambo yangekuwa mengine. Mama Véronique aliegemea ukuta.

Jioni Kethia alikuwa ameanza kupata nafuu. Nesi Moraa aliingia akiwa bado na mkoba begani. Alimshika mkono, kisha akazungumza na mama.

"Mama Kethia, bado hatuelewi. Unasema leo asubuhi alitumia damu ya ndugu yake. Sawa. Lakini siku zote zile zilizopita namba zilikuwa nzuri, na mtoto hafiki hali hii kwa nusu siku. Daktari anaogopa kwamba insulini imeharibika, au mpango wetu wa dozi una hitilafu. Tumesimamisha kila badiliko la dozi kwa watoto wote, wa hapa na wa Houston. Kuna mtoto kule anahitaji kuongezewa leo, na hatuthubutu."

Kethia alifumba macho. Alikuwa amesema nusu tu ya ukweli, na mama akadhani ndio wote. Mama angeweza kuendelea kudhani hivyo. Kosa la asubuhi moja husameheka. Mtoto kateleza, basi. Lakini yule mtoto wa Houston alikuwa amelala mahali fulani, ana kiu kama aliyokuwa nayo yeye.

"Sista Moraa," alisema. "Si leo tu. Ni tangu ile Jumatatu baada ya ushuhuda wa Mama kanisani. Ilitoka 340, nikaifuta. Zote ni za Alain. Za asubuhi na za jioni, zote."

Kethia hakuthubutu kumtazama mama yake.

"Una hakika? Zote?" Moraa aliuliza.

"Zote. Insulini haina makosa. Makosa ni yangu."

Moraa alitoka mara moja kumweleza daktari. Aliporudi, alivuta kiti karibu na kitanda.

"Yule mtoto wa Houston sasa ataongezewa dozi," alisema. "Asante. Lakini nisikufiche, Kethia. Vipimo vyako vitaondolewa kwenye utafiti, na wewe utatoka. Ndiyo kanuni. Tutaendelea kukutibu kama kawaida, hilo usiogope."

Kethia aliangua kilio. "Nilitaka kuwasaidia, na nimewaharibia!"

"Sikiza, mrembo. Ulidhani tunataka namba nzuri? Sisi tunataka namba za kweli. Ile 340 uliyoifuta ndiyo iliyokuwa na kazi. Ingetuambia Kethia anakua, mwongezeeni dawa. Hakuna mtu hapa angekugombeza kwa sukari kupanda. Sukari hupanda, tunarekebisha, siku inaendelea. Tusipoiona tutarekebisha nini?"

Mama Véronique alitoka kumpigia Matumaini simu bila kumtazama Kethia, na hilo ndilo lililomuumiza Kethia kuliko sindano zote.

Jumapili mchana mlango ulibishwa. Alikuwa Mama Clothilde, ametoka kanisani na nguo zake za kung'aa, na mkononi alibeba sufuria ya sombe, yaani kisamvu cha kwao, na fufu, ugali wa muhogo, lililofungwa vizuri. Alimwona Kethia na mipira ya dripu, akashika kichwa.

"Mama Kethia! Imekuwaje tena? Si ulitushuhudia kwamba sukari imetulia?"

Ndilo swali ambalo Kethia alikuwa amelikimbia siku zote zile, hadi nusura limpeleke kaburini. Alijifunika shuka hadi puani na kusubiri.

Mama Véronique aliinuka.

"Ilipanda, Mama Clothilde. Ilipanda sana. Mtoto alituficha kwa sababu aliogopa nitaaibika mbele yenu. Alikuwa tayari kufa ili mimi nisiaibike!" Akamgusa Kethia mguu juu ya shuka. "Na mimi nilimfundisha hivyo bila kujua. Kila asubuhi nilikuwa nauliza namba, na nikisikia nzuri namshukuru Mungu, sijamtazama hata usoni. Mtoto anakonda mbele yangu, mimi naangalia simu."

Mama Clothilde aliweka sufuria chini polepole. "Na mimi nilimpa soda," alisema.

"Ulimpa kwa upendo. Lakini hajapona, dada yangu, na wewe uwaambie wenzetu hivyo. Huu ni ugonjwa wa kuishi nao." Kisha Mama Véronique aligeuka, akaketi kitandani na kulifunua shuka usoni pa binti yake. "Kethia, nisikilize. Aibu nitaivumilia. Watu wakinicheka leo, kesho watachoka. Wewe nikikuzika, hakuna kuchoka. Siku namba ikiwa mbaya, niletee hivyo hivyo ilivyo mbaya, tuihangaikie pamoja. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na Alain utamwomba msamaha mwenyewe, maana vidole vyake vyote vina matundu."

Mama Clothilde alifuta machozi kwa pindo la kitenge. Akaitazama sufuria yake kwa mashaka, kama mtu asiyejua tena akifanye nini chakula alichopika.

"Basi nifundisheni," alisema. "Sombe anaruhusiwa?"

"Sombe haina shida, Mama," Kethia alijibu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alicheka. "Fufu ndilo lenye wanga, hilo tunalipima kwanza."