Barakoa ya Marehemu

Asubuhi hiyo kamera iliona mtu kitandani, na kitanda kilikuwa kitupu.

Fundi wa mionzi alikodoa macho. Kompyuta iliyounganishwa na kamera hiyo ilikuwa na kazi moja: kuutazama uso wa mgonjwa wa saratani ya kichwa au shingo na kuuzungushia mstari wa kijani, ili mionzi ipige uvimbe, si kwingine. Sasa mstari ulizunguka hewa, ukipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mashine imeamka na wazimu wake leo," msaidizi wake alitania, lakini hakucheka mwenyewe.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mzazi wa fundi, mwenye uvimbe kooni. Barakoa za plastiki, zile zinazofinyangwa usoni ili kichwa kisicheze, zilikuwa zimekwisha, na uvimbe hausubiri mzigo mpya. Mfa maji haachi kutapatapa. Jana yake fundi, binti wa mama huyo, alichukua barakoa ya mgonjwa mmoja, dereva aliyefariki, akailainisha kwa maji ya moto, akaifinyanga upya usoni mwa mama. Hapo alikosea, maana desturi ya chumba kile ni kwamba mgonjwa akimaliza, au akifa, barakoa yake hukatwa macho, isije ikabaki na mtu ndani, na ile ya dereva ilikuwa haijakatwa.

Mama akalazwa, akafungwa barakoa. Skrini ikaandika: nyuso mbili. Ikaja harufu ya nywele zinazoungua, na kwenye spika zikasikika pumzi, moja nyembamba ya mama, nyingine nzito yenye mkoromo, ikiifuata ile ya kwanza kila ilipovutwa, ikiisogelea, ikiizidi, mpaka ya mama ikaanza kukatika, na kinywani mwa mama, kilichobanwa hata asiweze kumeza vizuri, ikatoka sauti ya mwanamume: "Uso huu ni wangu."

Binti alikimbia ndani, akaing'oa barakoa.

"Dada, hilo ni jini," msaidizi alinong'ona mlangoni. "Kata macho. Upesi!"

Akatia mkasi kwenye barakoa iliyokuwa sasa na sura ya mama yake, pua ile ile, paji lile lile. Jicho la kwanza. La pili. Kitu cha baridi kikampita sikioni, harufu ikatoweka, skrini ikaonyesha uso mmoja. Alimkumbatia mama huku akilia kwa furaha.

"Limeondoka, mama."

"Ahsante, mwanangu." Mama alinyoosha mkono, akapapasa hewani. "Sasa washeni taa, nikuone."

Taa zote zilikuwa zinawaka.